Usimsage Kabla Hujamtazama

Haya wadau, leo nimetoka maabara na hasira zangu. Jamaa mmoja wa darasa letu kaniambia eti kuhesabu vinyweleo vya utitiri kwenye hadubini ni kazi ya wazee. Siku hizi unamsaga mdudu, unasoma DNA, kompyuta inakupa jina, basi.

Sikubali!

Tunaongelea utitiri wanaokula utitiri wenzao, vidudu ambavyo vingi havifiki hata nusu milimita. Lakini usidharau. Utitiri wa kijani wa muhogo, aliyetoka Amerika Kusini, alionekana Uganda mwaka 1971, kisha akasambaa Afrika. Aliyekuja kumpunguza ni mwindaji kutoka Brazili, Typhlodromalus aripo, aliyeachiwa Benin mwaka 1993. Ukikosea jina, unaweza kuachia mdudu asiye na kazi, na hasara anaila mkulima.

Sasa kompyuta inatoa wapi jina? Inalinganisha DNA yako na ile waliyoiweka waliotangulia. Kama mwenzako alikosea kumtambua mdudu wake, nawe umerithi kosa. Na wako ulishamsaga! Utarudi kumtazama nani?

Ila na sisi wa hadubini tusitambe. Sisi tunategemea majike wakubwa: urefu wa vinyweleo vya mgongoni, umbo la kimfuko cha kutunzia mbegu za dume. Tukiletewa mayai au watoto tunabaki kukodoa macho, wakati DNA inawasoma. Halafu kuna Phytoseiulus longipes: yule wa Brazili anamla vizuri utitiri mwekundu wa nyanya, wa Afrika Kusini hakufua dafu. Jina moja, sura moja! Kwa hiyo hata jina sahihi halitoshi, lazima uandike mdudu katoka wapi.

Dawa ipo wala si ya ajabu. Mloweke mdudu mzima kwenye dawa ya kutolea DNA bila kumponda. Nyama inayeyuka, ganda linabaki. Ganda hilo liweke kwenye kioo cha hadubini, lipe namba ile ile ya DNA yake, litunze. Atakayetilia shaka hata baada ya miaka 20 atakuta ushahidi.

Asiyetunza ganda asituletee jina. Jamaa yangu, kama unasoma hapa, kesho tukutane maabara. Na hicho kinu chako kiache bwenini.