Pikipiki Isiyochaji: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za pikipiki ambayo betri yake haikai na chaji. Tumechagua jambo hili kwa kuwa katika nyumba nyingi pikipiki ndiyo jembe la siku hizi: humfikisha mwalimu shuleni, humpeleka mgonjwa hospitali, na kwa vijana wetu wa bodaboda ndiyo iletayo unga na ada za watoto. Tena taa ikififia njiani usiku, kilicho hatarini si fedha tu, bali uhai wa dereva na abiria wake.

Desturi tuionayo ni hii. Betri ikiisha nguvu, mwenyewe hununua betri mpya ya bei nafuu. Nayo ikiisha nguvu, hununua rektifaya. Kisha hununua koili. Mwisho amelipia spea tatu, na kumbe ubovu ulikuwa katika kiungo cha waya kilichoshika kutu. Hatusemi kwamba ni vibaya kununua spea ya bei nafuu. Mwenye kipato kidogo hana budi. Neno letu ni hili: spea ya namna hiyo haifai kuwa kipimo cha ubovu, maana yenyewe yaweza kuwa mbovu tangu dukani. Atafutaye ubovu kwa kubadili spea hujiongezea shaka badala ya kuiondoa.

Yafaa kwanza kujua jinsi chombo kifanyavyo kazi. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku ikienda na kurudi katika mviringo wa waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Ndivyo ilivyo katika injini: sumaku huzunguka, na koili ya kuchajia huzaa umeme. Lakini umeme huo hugeuka mwelekeo kila mara, wala haufai kutiwa katika betri vivyo hivyo. Rektifaya huuelekeza upande mmoja, tena huuzuia usizidi kiasi. Basi koili ni kama chemchemi, nyaya ni mfereji, rektifaya ni mlango wa mfereji, na betri ni mtungi. Mtungi ukiwa mtupu, tusiulaumu kabla ya kuutazama mfereji.

Chombo cha kupimia ni multimita, ambayo mara nyingi bei yake haifiki bei ya betri moja. Fuateni mpango huu.

Kwanza, pimeni betri asubuhi kabla ya kuwasha injini. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 mpaka 12.8. Ikionyesha 12.0 i karibu kuwa tupu. Ichajiwe kwanza, ndipo mwendelee.

Pili, washeni injini, mwipe mafuta kama ya mwendo wa safari, mpime tena penye vichwa vya betri. Pikipiki nyingi zilizo nzima huonyesha volti 13.5 mpaka 14.8. Mkiona hivyo, koili na rektifaya hazina neno; ishukuni betri yenyewe. Ikipita 15, rektifaya haizuii tena, nayo itachemsha maji ya betri na kuunguza taa. Ikiwa volti hazipandi, msikimbilie dukani bado.

Tatu, kagueni nyaya. Injini ikizunguka na taa ikiwaka, wekeni ncha moja ya mita penye kichwa hasi cha betri, na ya pili penye chuma kitupu cha injini. Ikizidi volti 0.2 hivi, kiungo hakishiki vema. Pimeni vilevile kati ya waya utokao katika rektifaya na kichwa chanya. Tazameni na plagi, kama plastiki imeyeyuka au imekuwa nyeusi. Msasa kidogo na kukaza nati huponya pikipiki nyingi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, ikiwa nyaya ni safi, chomoeni plagi ya koili, mgeuze mita ipime umeme wa kugeuka-geuka, mwashe injini. Koili yenye nyaya tatu za rangi moja hupimwa mbili mbili, mara tatu. Vipimo vitatu vilingane, na vipande kadiri injini inavyoongeza mwendo. Kimoja kikiwa chini, koili imeungua. Vyote vikilingana na kupanda, na nyaya ni safi, basi rektifaya ndiyo yenye kosa.

Sasa mwaweza kununua. Linganisheni idadi ya nyaya na umbo la plagi, msilazimishe kisichoingia. Waya wa koili ukikwaruzwa nchani ukaonekana mweupe ndani, huenda ni alumini iliyopakwa shaba. Na alumini huupinga umeme mara 1.6 hivi kuliko shaba, nayo huleta joto. Rektifaya ikazwe juu ya chuma kisicho na rangi wala kutu, mahali pa upepo, kwa maana rektifaya za namna nyingi huutoa umeme uliozidi kwa njia ya joto. Kisha rudieni kipimo cha pili: spea mpya nayo ithibitishe kazi yake.

Twaonya mambo mawili. Msitoe waya wa betri injini ikiwa inazunguka, maana volti hupanda ghafula na kuunguza rektifaya na taa. Wala msizidishe taa za urembo. Taa moja ya wati 35 hula karibu ampea 3, na koili haikui kwa kuwa taa zimeongezeka.

Mwisho, andikeni vipimo katika daftari pamoja na tarehe. Ninyi waalimu, wafundisheni vijana kusoma mita kama mnavyowafundisha kusoma saa. Ajuaye kipimo hadanganywi na muuza spea, wala hamlaumu fundi pasipo haki. Na ile fedha ya spea ya tatu itabaki nyumbani, inunue madaftari ya watoto.