Bobi si mbwa mwitu, mchemshieni mapupu yake

Wasee, wiki hii nimeitwa mtesaji wa wanyama. Kosa langu? Niliweka video ya Bobi akila ugali na omena kwa sufuria yake kuukuu. Watu ambao hata siwajui wakaniambia ati mimi ni mshamba, ati mbwa ni mla nyama, nimpe nyama mbichi vile Mungu alivyopanga. Mmoja akamalizia kwamba kama sina pesa ya kulisha mbwa, nisifuge mbwa.

Sawa. Nitawajibu, lakini kwanza mjue hiyo nyama mbichi nimeijaribu. Mwaka jana, wiki tatu nzima. Nilikuwa nimetazama zile video za mbwa wanaokula miguu ya kuku kwa bakuli linalong'aa, muziki mtamu nyuma, nikaona hata Bobi anastahili maisha. Sasa, nyama ya kulisha mbwa mkubwa kila siku si mchezo, kwa hivyo nilifanya vile kila mtu wa mtaa hufanya: nikaenda bucha ya karibu na steji nikaomba ya mbwa. Mnajua "ya mbwa" ni nini. Ni mapupu, vipande vya maini, mafuta na vitu ambavyo hutaki kuvipa jina. Shilingi 150, karatasi imejaa.

Bobi alichizi. Siwezi kudanganya, sijawahi kuona mbwa akifurahia chakula hivyo. Manyoya yalianza kung'aa, ama labda nilitaka sana kuona yaking'aa.

Wiki ya tatu, nikikata ini, kisu kikagonga kitu kigumu kidogo. Kifuko cheupe, ukubwa wa gololi. Nikakidunga, maji safi yakaruka mpaka kwa ukuta. Kilikuwa kimoja tu pale juu, lakini nilipopasua ini nikapata vingine viwili ndani. Nikapiga picha nikamtumia daktari wa mifugo ambaye humchanja Bobi. Hakuniuliza kama Bobi anatapika ama anaharisha. Aliniuliza, "Kuna mtoto hapo nyumbani?"

Yuko. Sistangu ana miaka sita na hulala kwa kochi akiwa amemkumbatia Bobi kama mto.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hizo video hazisemi, kwa hivyo nisikilizeni. Kuna tegu mmoja mdogo sana, hafiki hata sentimita moja, anaishi kwa utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe hata hajui kama yuko. Anaendelea kuruka, anakula, anang'aa. Lakini mayai ya huyo tegu yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, yanabaki kwa udongo. Ng'ombe, mbuzi ama kondoo akiyala na nyasi, yanageuka vifuko vya maji kwa ini na mapafu yake. Mbwa akila hilo ini ama hayo mapafu yakiwa mabichi, mzunguko unaanza upya. Na mtoto akimshikashika mbwa kisha aweke kidole mdomoni, mwili wake unafanywa kama wa mbuzi. Kifuko kinaanza kukua ndani yake, polepole, miaka mingi bila uchungu, mpaka siku tumbo linafura na watu wanaanza kuuliza mtoto amelogwa na nani.

Ugonjwa unaitwa haidatidi. Si hadithi ya kutisha watu. Turkana ni kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na Amref wamekuwa wakipambana nao huko tangu miaka ya 1980: kufanyia watu upasuaji, kuwapima kwa mashine ya ultrasound, kuwapa mbwa dawa ya minyoo. Na hapa mjini sisi tunakula mifugo iliyosafirishwa kutoka kila pembe ya nchi. Katika machinjio yenye mkaguzi, kiungo chenye vifuko hivyo hutakiwa kuondolewa na kuharibiwa. Lile ini langu halikuharibiwa. Lilifika kwa karatasi ya "ya mbwa", na hapo ndipo shida yangu yote iko. Nyama yenye muhuri tunakula sisi. Mbwa anakula ile ambayo hakuna mtu anauliza ilitoka wapi.

Daktari aliniambia nimebahatika. Mbwa akimeza hao wadudu, huchukua kama wiki 6 au 7 kabla ya mayai kuanza kutoka, na mimi nilikuwa wiki ya tatu. Bobi alipewa dawa, ile ya prazikwanteli, na kinyesi chake nikazika siku kadhaa nikiwa nimefunga pua. Lakini piga hesabu vizuri. Wengi wetu tukijitahidi sana tunampa mbwa dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na hatuangalii hata kama inaua tegu. Ukiwa unamlisha matumbo na mapupu mabichi, hiyo miezi mitatu imeacha dirisha wazi wiki kadhaa.

Kuna wale watasema, "Mimi nagandisha kwa friza." Friza ya baridi kali kwa siku nyingi inaweza kuua hivyo vifuko, sikatai. Salmonela haifi hapo, inalala tu. Halafu ni friza gani? Kwetu ni kile kisanduku cha juu cha friji, stima ikipotea usiku asubuhi unakuta dimbwi.

Hata huko mnakoiga hawajakubaliana. Mtu aliyeipa nguvu hii fasheni ni daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, na kitabu chake cha 1993. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kwa upande wao kilitoa msimamo mwaka 2012 wa kupinga kuwalisha mbwa na paka nyama mbichi, na hiyo ni nchi yenye minyororo ya friza kutoka machinjioni mpaka jikoni.

Na ile ya "mbwa ni mbwa mwitu tu" pia imepitwa. Mwaka 2013 wanasayansi walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu, wakakuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga. Mbwa mwitu ana mbili tu, mbwa anaweza kuwa na zaidi ya ishirini. Mababu zake walikaa na watu maelfu ya miaka wakila makombo yetu, na mwili ukajipanga. Kwa hivyo ugali haumuui Bobi. Ugali mtupu kila siku, bila protini, huo sasa ni uvivu wako.

Kitu kinachonichoma zaidi ni dharau. Mtu anaona mapupu na ugali anaona umaskini, anaona bakuli la kuku mbichi anaona mapenzi. Mapenzi ni gesi, wasee. Mapenzi ni kusimama jikoni nusu saa mapupu yakichemka na nyumba yote ikinuka mpaka jirani agonge mlango.

Kwetu sasa ni hivi: mapupu ama matumbo yanachemka nusu saa kamili, yanakatwa, yanachanganywa na ugali laini na omena. Omena inaliwa na mifupa yake, kwa hivyo kalsiamu inaingia, na hiyo ni muhimu hasa kama una mtoto wa mbwa, kwa sababu nyama peke yake, mbichi ama iliyoiva, itamlegeza mifupa. Karoti ikiwepo, karoti. Vitunguu hapana, hata kwa mchuzi uliobaki, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka kama kioo. Na ubao wa kukatia nyama ya Bobi si ule wa sukuma. Huo nilijifunza nikiwa nimechelewa, nilikuwa natumia mmoja wiki zote tatu.

Kilichoninyima usingizi baadaye si Bobi. Nilikumbuka ushago Desemba, vile mbuzi anachinjwa nyuma ya nyumba bila mkaguzi yeyote, na kila kitu ambacho hakiendi kwa moto kinarushiwa mbwa. Watoto wote wa ukoo wako hapo wakiwabeba hao mbwa. Hakuna mtu huko hufuata fasheni ya Australia, lakini mbwa wa shosho wamekula mbichi maisha yao yote.

Nilimpigia mjomba simu wiki jana. Alicheka kwanza, akaniuliza kama mjini siku hizi tunapikia mbwa. Nikamtumia ile picha ya ini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia ameshaona hivyo vifuko mara nyingi, huwa anavikata tu anamtupia mbwa. Mwaka huu amesema atachimba shimo refu, na dawa ya mbwa wa shosho nitaibeba mimi.