Fungu la Maskini Litangulie Sherehe

Parokia ni eneo la kikanisa lililokabidhiwa kwa paroko, yaani padre anayelichunga kwa niaba ya askofu, na kwa kawaida huwa na vigango kadhaa ambamo waumini husali karibu na makazi yao. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania chombo kinachofanana nayo huitwa usharika. Nchini Tanzania vyombo hivi ni miongoni mwa vichache vinavyokusanya mamia ya watu kila juma bila posho wala nauli, na ndiyo maana wito unaotolewa hapa unaelekezwa kwavyo kwanza, ingawa unamhusu kila mwananchi anayeishi jirani navyo. Wito wenyewe ni mmoja: kila parokia, kila kigango na kila usharika unaoandaa sherehe utenge fungu la maskini kabla ya kupanga matumizi mengine yoyote, utangaze kiasi chake mbele ya waumini wote, na ulifikishe kwa wahitaji kabla siku ya sherehe haijafika.

Jambo hili halisemwi kwa kuzibeza sherehe. Sikukuu ya somo, yaani mtakatifu ambaye parokia inaitwa kwa jina lake na kuwekwa chini ya maombezi yake, mara nyingi ndiyo siku ya pekee katika mwaka ambayo waumini wa vigango vya mbali, wazee walioijenga parokia, watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu na wanakwaya waliokwisha kuhamia mitaa mingine hukaa chini ya turubai moja wakala na kuimba hadi jua linapoelekea kuzama. Watu wanaofanya kazi ngumu mwaka mzima wanastahili siku kama hiyo, na kiongozi anayeifuta kwa hoja ya kubana matumizi huwanyima kitu ambacho mahubiri hayawezi kukirudisha. Katika sikukuu ya mavuno, kadhalika, waumini huleta mbele ya altare walichovuna au walichofuga, na ibada ikisha, mnada hufanyika nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai, hata muwa mmoja. Mnunuzi akishalipa bei iliyo mara kadhaa ya ile ya sokoni, si ajabu akakirudisha kitu hichohicho kinadiwe upya, au akamkabidhi bibi kizee aliyeketi pembeni, na umati ukapiga vigelegele. Hapo huonekana wazi kwamba ukarimu upo, tena mwingi, na kwamba watu hutoa kwa furaha zaidi wanapotoa pamoja. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba bibi yule hategemei bahati ya mnada ili apate kitoweo.

Utaratibu huo si mgeni katika imani ya Kikristo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 16, kinapoagiza sikukuu ya majuma na ya vibanda, kinawataja mmoja mmoja wale wanaopaswa kufurahi pamoja na mwenye nyumba, wakiwamo mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane, na kwa kipimo cha sura hiyo sikukuu isiyo na watu hao haijatimia. Sura ya 8 ya Nehemia inaeleza jinsi watu wa Yerusalemu, baada ya kusomewa sheria, walivyoruhusiwa kwenda kula vilivyonona huku wakiagizwa kuwagawia pia wale ambao hawakuwa wameandaliwa kitu. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, aliwakemea kwa ukali ambao hauonekani mara nyingi katika nyaraka zake, kwa kuwa walipokutanika kwa Chakula cha Bwana wenye uwezo walikula mapema wakashiba, na wenzao wakabaki na njaa mahali palepale. Karne moja baadaye, Mtakatifu Yustino Mfiadini, akieleza mjini Roma namna Wakristo walivyosali siku ya Jumapili, alitaja kwamba michango ya wenye nafasi ilikabidhiwa kwa kiongozi wa ibada, naye akawasaidia kwayo yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mpangilio wa maelezo hayo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana msaada kwa maskini haukuelezwa kama shughuli ya kamati iliyokutana siku nyingine, bali ulielezwa ndani ya ibada yenyewe. Na palipotokea kasoro, kama ilivyokuwa Yerusalemu pale wajane wa kundi moja waliposahaulika katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakuishia kutoa mawaidha. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu 7 wa kusimamia mgawo, nao wakawekewa mikono. Habari hiyo imo katika Matendo ya Mitume sura ya 6, na ndiyo mzizi wa kazi inayoitwa diakonia, yaani huduma ya Kanisa kwa wahitaji, ambayo dayosisi za Kilutheri nchini zimeipa idara yake.

Yapo mafunzo ya karibu zaidi kuliko hayo, nayo yako ng'ambo ya barabara tu. Waislamu, ambao katika miji mingi ya Tanzania wanaishi na Wakristo katika nyumba moja ya kupanga na kuchota maji katika bomba moja, hutoa zakatul-fitri, yaani sadaka ya lazima ya chakula mwishoni mwa Ramadhani, na muda wake ni kabla ya sala ya Idi. Sababu yake ni ya wazi: siku ambayo kila mtu anafurahi, maskini naye awe ameamka ana cha kupika. Anayechelewesha hadi baada ya sala huhesabiwa kuwa ametoa sadaka ya kawaida tu. Hakuna aibu yoyote kwa Wakristo kukiri kwamba katika jambo hili majirani zao wamewatangulia, kwa kuwa desturi ya parokia nyingi ni kinyume chake, yaani sherehe hufanyika kwanza, madeni ya turubai, viti na muziki yakalipwa, kisha kama kuna salio ndipo likafikiriwa kupelekwa kituo cha kulelea yatima pamoja na sabuni na sukari, na picha zikapigwa.

Haitakuwa haki kusema kwamba makanisa nchini hayajali maskini. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, na tangu wakati huo hospitali, zahanati, shule na vyuo vya ufundi vya makanisa vimehudumia wananchi wa dini zote. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili kuratibu huduma hizo kwa makubaliano na serikali. Lakini hospitali, hata iwe nzuri kiasi gani, haimjui mzee aliyeshindwa kufika kwake kwa kukosa nauli, na shule haimwoni mtoto aliyebaki nyumbani kwa sababu sare yake imechanika. Anayewaona hao ni jirani.

Kwa upande wa Wakatoliki, jirani huyo amekwisha kupewa chombo. Maaskofu wa AMECEA, ambao ni umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikubaliana jijini Nairobi mwaka 1973, na kusisitiza tena mwaka 1976, kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia zinazoishi karibu, zinazokutana kila juma nyumba kwa nyumba kusali, kutafakari Neno la Mungu na kusaidiana. Yapata nusu karne baadaye, jumuiya hizo zimeota mizizi hadi vijijini kabisa, na sala zake zinahudhuriwa. Sehemu ya tatu ya lengo, ile ya kusaidiana, ndiyo iliyoyumba. Mahali pengi daftari la jumuiya limekuwa daftari la mahudhurio na michango: nani amelipa zaka, nani bado hajatoa mchango wa ujenzi, nani anadaiwa fedha ya gari la paroko, nani hajanunua kitenge cha somo. Mjane ambaye jina lake lina duara jekundu katika kurasa hizo huanza kuikwepa jumuiya kwa haya, kisha hukosa Misa, na siku anapofiwa hujikuta akiulizwa alikuwa wapi. Ni jambo zito, na ni lazima lisemwe bila kuzungusha maneno, kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kuwa mlegevu wa imani ilhali kosa lake ni umaskini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza inayoombwa ni ya daftari hilohilo. Kila jumuiya ifungue ukurasa mwingine, usio wa madeni, ambamo mwenyekiti na wajumbe wawili wanaoaminika wataandika kaya zenye shida katika eneo lao baada ya kuzitembelea, pasipo kuuliza dini ya mwenye nyumba. Na mjumbe au balozi wa mtaa aombwe kusaidia, kwa kuwa yeye huwajua wapangaji wapya na wagonjwa waliofungiwa ndani. Uzoefu wa kutambua kaya upo tayari katika vijiji na mitaa iliyofikiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambako mikutano ya wananchi wenyewe ilishirikishwa kutaja kaya maskini. Tofauti inayopendekezwa ni moja: orodha ya parokia isisomwe hadharani. Kinachopaswa kuwa wazi ni hesabu, na kinachopaswa kuwa siri ni majina. Kwa bahati mbaya mazoea ni ya kugeuza mambo hayo mawili, kiasi kwamba maskini huitwa mbele apokee mfuko wa unga huku waumini wakiwa hawajui jumla ya fedha zilizochangwa.

Hatua ya pili ni ya bajeti. Kamati ya sherehe inapoketi kwa mara ya kwanza, mstari wa kwanza wa makadirio uwe fungu la maskini, tena kwa sehemu iliyokubaliwa ya mapato yote, isiyoweza kupunguzwa endapo makusanyo yatapungua. Sehemu ya 10 kwa 100 inatosha kuanzia. Kwa mfano, parokia yenye jumuiya 40, ambayo kila jumuiya imekadiriwa kuchangia Sh 100,000 kwa ajili ya sherehe ya somo, itakuwa na Sh 4,000,000, na fungu lake litakuwa Sh 400,000. Fedha hiyo si nyingi, lakini hununua madaftari, viatu na sare za wanafunzi kadhaa, na ikumbukwe kwamba tangu ada ya shule za serikali ilipofutwa hadi kidato cha 4 mwaka 2016, mahitaji kama hayo ndiyo yanayobaki mabegani mwa mzazi. Mapato ya mnada wa mavuno yanaweza kutengewa sehemu kubwa zaidi. Mahali ambapo fedha ni haba, nguvu za watu zitumike, kwa kuwa kuezeka upya banda la mzee, kumlimia mgonjwa robo eka kabla mvua hazijaanza, au kukaa zamu na mtu asiyejiweza ili binti anayemlea apate kwenda shule, ni matendo ambayo vijana wa VIWAWA, yaani chama cha vijana Wakatoliki, akina mama wa WAWATA, yaani umoja wa wanawake Wakatoliki, na wanakwaya wa usharika wanaweza kuyapanga kama wanavyopanga mazoezi.

Wapo wanaohofia kwamba fungu la kudumu litazoesha watu kupokea na kuua ari ya kufanya kazi. Hofu hiyo ina ukweli kwa kijana mwenye afya, na kwake mkopo mdogo wa jumuiya au cherehani hufaa kuliko kilo tano za mchele. Lakini haina nguvu kwa bibi anayelea wajukuu wanne, wala kwa mgonjwa wa figo, wala kwa mtoto mwenye ulemavu ambaye hajawahi kuwa na kiti cha magurudumu. Hao hawana uvivu wa kuponywa. Wengine watasema kwamba kanisa bado halijaisha kujengwa, na kwamba maskini wangoje. Majengo ya kanisa yana haki ya kujengwa, lakini kwa kuwa ujenzi wa parokia hauishi, maana baada ya paa hufuata sakafu, na baada ya sakafu mnara na uzio, atakayengoja uishe atangoja maisha yake yote. Hoja inayohitaji kujibiwa kwa uangalifu zaidi ni ya uaminifu, kwa kuwa waumini wengi wamewahi kuchanga bila kusomewa matumizi, na dawa yake ni taarifa fupi inayosomwa na mweka hazina Jumapili inayofuata sherehe: kiasi kilichotengwa, idadi ya kaya zilizofikiwa, aina ya msaada, na kilichobaki.

Waumini wasingoje waraka kutoka juu. Katika kila parokia tarehe ya sikukuu ya somo inajulikana, na katika kila usharika Jumapili ya mavuno hutangazwa mapema. Miezi miwili kabla yake inatosha kwa jumuiya kupita nyumba kwa nyumba, kwa Halmashauri ya Walei au baraza la wazee wa usharika kupitisha kiwango cha fungu, na kwa kila mtu anayepewa kadi ya mchango wa sherehe kuuliza swali moja kabla hajatoa fedha: fungu la maskini ni kiasi gani, na litafika lini? Akikosa jibu, alipeleke swali hilo kwenye kikao cha jumuiya yake juma hilohilo, na asikubali liahirishwe hadi baada ya sherehe.