Saa ya GMAT na mazoea tuliyotoka nayo KCSE

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni kijana mmoja wa Hagadera, hapa Dadaab. Ana shahada, babake ana duka sokoni, na sasa anataka kusomea MBA. Chuo anachokitaka kinadai alama za GMAT. Basi akaniomba nimsaidie, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa tarakilishi.

Siku ya kwanza alifanya mtihani wa majaribio nikiwa kando yake na saa ya simu. Sehemu ya hesabu ilimwisha akiwa na maswali manne hajayagusa. Swali moja tu lilikuwa limekula dakika saba! Nilipomuuliza akanijibu, "Mwalimu, nilikuwa karibu kulipata."

Hapo nikajua shida si hesabu. Hesabu anazijua. Shida ni mazoea.

Kumbukeni karatasi ya kwanza ya hisabati ya KCSE: saa mbili na nusu, alama 100. Ukikwama katikati ya swali, hatua ulizoandika bado zinakupa alama. Sehemu ya pili unachagua maswali matano kati ya manane. Ukishindwa na moja unaliruka, kisha unarudi. Kwa hiyo shuleni tulifundishwa kung'ang'ana, na kung'ang'ana kulilipa.

GMAT ya sasa, iliyoanza mwishoni mwa 2023, haina huruma hiyo. Ina sehemu tatu, dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa data 20. Huwezi kwenda swali linalofuata kabla ya kujibu ulilo nalo. Mwishoni, muda ukibaki, unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu katika kila sehemu. Nusu ya jibu ni sifuri, na kuacha maswali bila kujibiwa kunakupunguzia alama.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii. Programu ikiuliza seva na seva isijibu, haisubiri milele. Tunaiwekea ukomo wa muda mapema: zikipita sekunde kadhaa, achana nayo, endelea na kazi nyingine. Muhimu ni kwamba uamuzi huo unafanywa kabla, akili ikiwa imetulia. Ukingoja uamue ukiwa umekwama, utajiambia kila mara kwamba uko karibu kulipata.

Piga hesabu nami. Dakika 45 ni sekunde 2,700. Gawanya kwa 21, unapata sekunde 128 na kitu. Dakika saba za kijana wetu zilikuwa bei ya maswali matatu. Tukakubaliana hivi: kila robo saa awe amemaliza maswali saba, au manane kwa sehemu ya lugha. Dakika mbili zikipita naye haoni njia, aondoe majibu yaliyo wazi kuwa si sahihi, achague moja katika yaliyobaki, aweke alama ya kurudi, aende zake.

Jaribio la pili aliachilia maswali matatu. Alimaliza dakika nne kabla ya muda, akarudi kwenye moja na kulirekebisha. Anasema kuachilia lile la kwanza kulimuuma kuliko kukosea.

Wapo watakaosema saa hii inampima mtu kasi ya kusoma Kiingereza, si uwezo wa biashara. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Anayefikiri kwa Kisomali na kusoma swali kwa Kiingereza analipa ushuru wa sekunde ambazo mwenzake wa London halipi. Lakini malalamiko hayasimamishi saa. Mkimbizi wa hapa akishindwa mara ya kwanza, kurudia ni mamia ya dola za ada, kibali kingine cha kutoka kambini na safari nyingine ndefu ya Nairobi kupitia Garissa. Akichagua kuufanyia hapa hapa kwa intaneti, basi anautegemea mtandao wetu, na mnaujua ulivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla ya kununua kitabu kingine cha maswali, jifunze kuacha swali. Wewe ukomo wako ni dakika ngapi? Niambieni.