Akiba ya umeme chomboni isiliwe

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, akiba iliyotiwa chungu kimoja na matumizi ya kila siku si akiba tena. Ukweli huu hudhihirika katika mashua za injini kwenye mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Vanga.

Nahodha hununua betri ya pili, akaiunganisha na ya kwanza moja kwa moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akaamini kuwa yu salama. Usiku kucha taa, redio na pampu ya kutoa maji hunyonya betri zote mbili. Alfajiri, kusi ikivuma, injini haiwaki. Betri mbili zimekufa kifo kimoja, na redio ya kuombea msaada nayo i kimya.

Kosa hilo halitokani na uhaba wa vifaa, bali uhaba wa elimu. Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba ya risasi. Kazi yake ni kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Betri ya taa na redio yafaa iwe na mabamba mazito yanayostahimili kutumika polepole kwa saa nyingi. Kila moja iwe na sakiti yake, zikutane wakati wa kuchajiwa tu.

Njia zipo. Diodi huruhusu mkondo kupita upande mmoja, ila ile ya kawaida hupoteza takribani volti 0.6, hasara inayoweza kuiacha betri ya volti 12 bila kujaa. Relei inayohisi volti huziunganisha betri pindi ile ya injini inapofikia volti 13.3 hivi, na kuzitenganisha volti zikishuka karibu na 12.8. Swichi ya mkono ni rahisi zaidi, lakini hutegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Kwa vyovyote vile, waya chanya unaounganisha betri mbili uwekwe fyuzi karibu na kila betri, maana umeme waweza kutoka pande zote mbili. Betri nazo zikae penye hewa, kwani hidrojeni itokayo wakati wa kuchaji hulipuka.

Wapo watakaodai kuwa haya ni ya mafundi, si ya darasani. Dai hilo halina mashiko. Mwanafunzi wa fizikia huchora sakiti sambamba, akapata alama zote, kisha akarudi nyumbani asiitambue sakiti iyo hiyo katika mashua ya babake. Amejifunza kwa Kiingereza cha kitabuni. Babake huzungumza Kiswahili cha baharini. Nani atawakutanisha?

Walimu, jukumu hilo ni lenu. Leteni betri kuukuu, taa na swichi darasani, mwapeleke wanafunzi bandarini wakaulize na kueleza. Elimu isiyovuka lango la shule ni betri isiyounganishwa na chochote: imejaa, lakini haiwashi kitu.