Sindano ikikuchoma zamu ya usiku, usinyamaze

WIKI hii safu hii inawageukia vijana wa makoti meupe: wanafunzi wa udaktari, utabibu na uuguzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo wodini. Mzazi mwenye mtoto chuoni naye asome. Na wewe mgonjwa pia, maana kijana anayekutoa damu saa tisa usiku akiwa hajalala anakuhusu.

Ukipangiwa mkoani Singida unaweza kujikuta Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mtakatifu Gaspar kule Itigi, Makiungu wilayani Ikungi au Iambi wilayani Mkalama. Popote utakapokuwa, wiki ya kwanza hufanana. Saa moja na nusu asubuhi uwe umeshawaona wagonjwa wako, umeandika kwenye mafaili na majibu ya maabara umeyafuata mwenyewe. Raundi inaanza, daktari bingwa anakuuliza swali mbele ya wenzako na mbele ya mgonjwa, na lile ulilolisoma jana usiku limeyeyuka. Mchana vipindi, jioni zamu. Nje upepo wa Singida unavuma kama kawaida yake, na wewe hukumbuki kama umekunywa maji tangu asubuhi.

Ushauri wa kula na kulala umeshausikia, kwa hiyo nitaupitia haraka. Kunywa chai na kitafunwa kabla ya raundi, kwa sababu mwanafunzi anayeanguka chumba cha upasuaji mara nyingi ni yule aliyetoka bila kula. Ukitoka zamu ya usiku, zima simu ulale. Muuguzi mzoefu msalimie kwa heshima, shikamoo yake isikupite. Siku kanula imekugomea mara ya tatu, ni yeye atakayekuokoa. Na bibi anayezungumza Kinyaturu au Kinyiramba tu, usimkisie maumivu yake. Tafuta mtu wa kukutafsiria, hata kama raundi imekaribia.

Uchovu wenyewe si jambo la kujisifia. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Nchi nyingi dereva wa namna hiyo haruhusiwi kushika usukani. Marekani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa chini ya madaktari waliokuwa bado mafunzoni, waliokuwa wakifanya zamu ndefu mno. Baba yake hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari hao, na mwaka 2003 utaratibu wa namna hiyo ukaenea nchi nzima. Saa 80 bado ni nyingi, lakini walau kuna mtu anayezihesabu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa mwaka wa nne, katika hospitali ambayo sitaitaja, wodi ya magonjwa ya ndani, usiku umeshakuwa mwingi. Nilikuwa nimemaliza kumtoa damu mzee mmoja aliyekuwa akihangaika kitandani. Nikafanya kosa ambalo tulikatazwa tangu siku ya kwanza: nikarudishia sindano kifuniko chake. Ikakosa kifuniko, ikapenya glovu, ikaingia kwenye kidole cha shahada.

Nikanawa. Nikavaa glovu mpya. Nikaendelea na zamu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu wiki hiyohiyo mwenzangu alikuwa amekaripiwa mbele ya wodi nzima kwa kuvunja chupa ya sampuli, na mimi sikutaka kuwa wa pili. Siku ya nne ndipo nilipokwenda kumuuliza daktari mmoja, eti nina rafiki yangu amechomwa na sindano. Alinitazama kidole kabla hajanijibu. Muda ulikuwa umepita. Kilichobaki kilikuwa kupima, kusubiri miezi, kupima tena. Majibu yalikuja salama, lakini miezi ile sikumwambia mtu nyumbani, na nililala vibaya kuliko katika zamu yoyote.

Kwa hiyo jua haya kabla hujaingia wodini. Sindano ikikuchoma, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilikamue, usilimwagie dawa kali ya kusafishia. Mwambie msimamizi wa zamu dakika hiyohiyo, ili wewe upimwe na mgonjwa naye aombwe kupimwa. Dawa kinga dhidi ya VVU hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa chache, na zisicheleweshwe kupita saa 72. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Hatari yenyewe si kubwa kama hofu inavyokuambia: kwa sindano iliyotoka kwa mwenye VVU, maambukizi hutokea takriban mara tatu katika kila 1,000. Virusi vya homa ya ini aina ya B ndivyo vikali zaidi. Kwa asiyechanjwa, uwezekano unaweza kufika hadi asilimia 30. Chanjo yake ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Watoto wa Tanzania walianza kuipata kliniki mwaka 2002, kwa hiyo kama ulizaliwa kabla ya hapo, usidhani unayo. Na hesabu ya miezi sita inakuambia kwamba huwezi kuianza wiki moja kabla ya kuripoti ukategemea itakulinda.

Kwenu wakufunzi na wasimamizi wa wodi, neno moja. Mwanafunzi si mtumishi wa hospitali, na anapochomwa ni rahisi chuo kudhani hospitali imeshughulikia na hospitali kudhani chuo kimeshughulikia. Naye akiona mwenzake anafokewa kwa kosa dogo, kubwa atalificha. Mkemeeni pembeni, tena kesho yake akiwa amelala. Usiku ule mpelekeni kwanza kwenye dawa.

Na wewe unayeripoti Jumatatu: kabla hujaulizia chumba cha kuvalia na mahali pa chakula, muulize muuguzi wa zamu kisanduku cha kutupia sindano kiko wapi, dawa kinga zinatunzwa kabati gani, na usiku ufunguo anao nani. Andika namba yake ya simu ndani ya jalada la daftari lako. Atakaporudi mapumzikoni huyo mwenye ufunguo, muulize tena ili akujue kwa sura.