Ardhi Haitaki Kupinduliwa

Wazee wetu husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimetupiwa mara nyingi, kama jiwe, na watu walionikuta nikipanda mchicha mahali pasipolimwa. Jawabu langu ni kuwa mimi sichagui jembe. Nayakataa majembe yote, la zamani na jipya, la mpini mrefu na la mpini mfupi, maadamu kazi yenyewe ni bustani ya mboga katika kisiwa cha Mombasa. Najua, msomaji, kwamba neno hili laweza kukuudhi, kwa sababu umefundishwa tangu utotoni kwamba bustani huanza kwa kuchimbua. Nakuomba univumilie, kisha uhukumu.

Tazama kwanza mahali unaposimama. Mombasa ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe, na eneo lake ni kadiri ya kilomita 14 za mraba. Juu ya mwamba huo pana udongo, lakini pengi udongo wenyewe ni mwembamba kama godoro la maskini, na anayepiga jembe kwa nguvu hupokea jibu la jiwe mikononi mwake. Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walichonga handaki katika mwamba huo kwa jasho jingi. Wao walikuwa na haja ya kumzuia adui. Sisi tuna haja ya mchicha, na sioni kwa nini tuupate kwa njia ya vita.

Udongo si vumbi lililokufa. Ndani yake mna nyungunyungu, kuvu, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijia vya maji na hewa vilivyoachwa na mizizi iliyooza. Charles Darwin, mtaalamu wa Kiingereza, alitoa kitabu kizima mwaka 1881 kueleza kazi ya nyungunyungu, akaonyesha jinsi viumbe hao wanyonge wanavyoupitisha udongo matumboni mwao na kuupandisha juu kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Basi mlimaji wa kwanza yuko kazini tayari, hadai mshahara wala chakula cha mchana, nasi twamkata vipande kwa jembe kisha twajisifu kwa bidii. Isitoshe, katika joto la pwani, udongo uliopinduliwa na kuachwa wazi huliwa mboji yake upesi sana na vijidudu vilivyopata hewa kwa ghafula. Mlimaji huona mazao mema msimu wa kwanza, akadhani kwamba jembe limemtajirisha. Kumbe amekula akiba.

Tena liko suala la ndago, yule adui wa kila bustani ya pwani. Ndago huzaliana kwa viazi vidogo vilivyofungamana chini ya ardhi kama shanga katika uzi. Jembe hukata uzi ule na kuzitawanya shanga, na kila moja huamka na kuwa mche wake. Mtu alimaye ndago kwa hasira ni sawa na mtu apandaye ndago kwa makusudi. Tofauti yao ni nia, na ardhi haijui nia.

Nilisoma katika shule moja ya kisiwani ambayo sitaitaja. Palikuwa na kiwanja kidogo kilichoitwa bustani ya shule, na kila mwezi wa Machi kililimwa na wanafunzi waliochelewa kufika au waliopiga kelele darasani. Tulichimbua kwa chuki, jua likituchoma migongo. Mvua kubwa ilipokuja, udongo tulioulegeza ulitelemka njiani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, ukaingia mtaroni, ukaenda zake baharini. Mwezi wa Juni palibaki changarawe na miche michache yenye majani ya manjano. Mwaka uliofuata tukalimishwa tena mahali pale pale. Makosa yalikuwa mawili. Ardhi iliibiwa, na vijana walifundishwa kwamba kilimo ni adhabu. Naliona kosa la pili kuwa kubwa zaidi, maana udongo waweza kurudishwa kwa samadi ya miaka michache, lakini kijana aliyeichukia bustani akiwa na umri wa miaka 14 aghalabu hairudii tena maishani.

Usidhani kwamba hasara hii ni ya vitabuni. Sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa kisiwani huja kwa gari kutoka mbali, zikapita soko la Kongowea au zikaletwa Marikiti, na mtu wa Kibokoni hulipia mboga pamoja na mafuta ya lori. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilipoiharibu barabara ya Nairobi, ilionekana wazi kwamba kisiwa kinachotegemea lori hutegemea pia madaraja na matope. Sisemi kwamba ua wa nyumba utalisha mji. Nasema kwamba fungu la mchicha na kiganja cha pilipili vyaweza kutoka hatua kumi kutoka jikoni, na nyumba ikawa na kitoweo siku ambayo mfuko ni mtupu.

Wala fikira hii si kichaa changu peke yangu. Mwaka 1943 Edward Faulkner wa Marekani alitoa kitabu cha kuishutumu plau, wakati watu wa kwao walipokuwa hawajasahau miaka ya 1930, ambapo mashamba ya nyanda zao yaliyolimwa kupita kiasi yalipeperushwa na upepo yakawa mawingu ya vumbi. Mwaka 1955 bibi mmoja wa huko huko, Ruth Stout, aliwaeleza wasomaji wake jinsi alivyoacha kulima, akawa anatandaza majani makavu tu mwaka mzima. Lakini kwa nini twende Marekani? Nenda Bukoba ukavione vibanja vya Wahaya. Migomba imesimama mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, na siri yake ni nyasi zilizokatwa uwandani na samadi ya ng'ombe, vikatandazwa juu ya ardhi vikaoza vyenyewe. Hao hawakungoja kufundishwa na mgeni.

Sasa nikuambie jinsi ya kupanga, na katika kupanga nakusihi ufuate pepo kuliko kalenda ya ukutani. Mabaharia na wakulima wa pwani hii waliuhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, wakajua ni lini pa kungoja na ni lini pa kutenda. Sisi twangoja tone la kwanza ndipo tukimbilie jembe, na hapo tumekwisha kuchelewa.

Bustani isiyolimwa huanza katika Kaskazi, kati ya Januari na Machi, wakati ambapo mvua ni haba na wenye busara wengine wamelala adhuhuri. Usipande kitu. Kata magugu usawa wa ardhi, uyaache pale pale. Omba maboksi katika maduka ya Biashara Street, uyabandue gundi na utepe, uyaloweshe, uyatandaze yakipandana kingo ili nuru isipenye. Juu yake weka samadi ya mbuzi iliyooza, maana samadi mbichi huunguza mizizi, kisha majani makavu, makuti yaliyokatwakatwa na makumbi ya nazi, hata rundo lifike shibiri moja. Makumbi hayo, ambayo sisi huyachoma, hunywa maji kama sifongo na kuyatoa taratibu. Tuta lisizidi mita moja na robo kwa upana, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande na mguu usilikanyage kamwe. Majivu ya jikoni yaache mbali: ardhi ya matumbawe ina chokaa ya kutosha, na kuiongezea majivu ni kumpa chumvi mwenye kiu. Ukiona majani machanga yamekuwa manjano na mishipa yake imebaki kijani, ujue chokaa imezidi.

Mvua za mwaka, ambazo wenzetu wa kusini huziita masika, huanza mwishoni mwa Machi au katika Aprili, na Mei ndio mwezi wake mkuu. Kisiwa hupata kadiri ya milimita 1,000 za mvua au zaidi kidogo katika mwaka wa kawaida, na sehemu nzuri ya hizo humwagika katika miezi hii. Hapa ndipo matandazo yanapoonyesha thamani yake, kwa kuwa tone hulipiga jani kavu badala ya kuupiga udongo, na maji huzama badala ya kukimbia. Tenga matandazo kwa vidole, tia ngumi ya mboji, panda mchicha, kunde, bamia na matembele. Majani ya kunde na mchicha utaanza kuyachuma baada ya majuma manne hivi. Lakini tungule usizipande Mei, hata ukibembelezwa. Unyevu ule huzileta kuvu, na utavuna majani meusi. Ziatike kitaluni, uzihamishe katika Juni na Julai, wakati wa kipupwe, pamoja na mabiringani na pilipili, ambapo hewa imepoa na manyunyu yapo. Ikiwa ua wako unaelekea bahari kuu, panda mbaazi au mronge upande wa kusini, kwa sababu Kusi huja na mvuke wa chumvi.

Demani haina mengi: chuma, mwagilia asubuhi, ongeza majani yaliyopungua. Kunde zikiisha usizing'oe. Zikate shina uiache mizizi ardhini, maana vifundo vyake vimekusanya naitrojeni kutoka hewani, na mgeni ajaye ataikuta mezani. Vuli ikianza, katika Oktoba na Novemba, pandia pale pale kunde nyingine, mchicha na mlenda. Kisha Kaskazi hurudi, nawe unatandaza upya juu ya zamani.

Wakazi wa Mji wa Kale wataniuliza: sisi tusio na ardhi je? Nyumba za Ndia Kuu na Kuze zimekaribiana hata majirani hupeana chumvi dirishani, na ua wao umesakafiwa. Nawajibu kuwa wao ndio wenye bahati, kwa kuwa jembe haliwezi kuwajaribu. Kasha la mbao lisilo na kitako, likawekwa uani juu ya sakafu na kujazwa matabaka yale yale, ni bustani kamili, mradi maji yapate njia ya kutokea. Juu ya dari, uzito uangaliwe kwanza, maana boriti za kale hazikukusudiwa kubeba samadi iliyolowa. Huko madebe machache yatosha. Kuhusu maji, mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 1,000. Twaiacha ipite mtaroni, kesho twanunua mtungi.

Wapinzani wangu wana hoja, na baadhi yake ni za kweli. Husema kwamba matandazo huleta mchwa. Ni kweli huwaleta, na mchwa huyavuta majani makavu chini ya udongo, jambo ambalo si baya; baya ni kulirundika tuta kwenye ukuta au chini ya mlango wa nakshi, ambapo watakula kazi ya fundi wa kale. Acha nafasi ya hatua nzima. Husema pia kwamba konokono wakubwa hujificha humo. Hili limenitesa mimi mwenyewe, na sina dawa ya miujiza: wakati wa mvua sogeza matandazo shibiri moja kutoka kwenye miche, utoke na taa baada ya isha ukawaokote mmoja mmoja. Na ndago? Nyingine hutoboa boksi kama sindano. Zing'oe zikiwa changa, uongeze boksi, usichoke. Mwaka wa pili zitakuwa chache kuliko za wa kwanza. Ardhi iliyokanyagwa ikawa kama saruji, mfano wa viwanja vya shule, huhitaji kutobolewa mara moja kwa mtaimbo au uma, bila kupinduliwa. Hata hilo nalikubali.

Nisilolikubali ni ile hoja ya kwamba kutolima ni uvivu, na kwamba wazee walilima. Wazee walilima, kisha wakaliacha shamba lipumzike miaka kadhaa, kwa sababu bara ilikuwa pana. Ua wa kisiwani haupumziki kamwe, na asemaye kwamba anaufanyia kama walivyofanya wazee amechukua nusu ya desturi yao akaiacha nusu iliyokuwa na rehema. Na uvivu uko wapi, kama kukusanya majani, kubeba samadi, kulowesha maboksi na kuokota konokono usiku si kazi? Mvivu ni yule anayeyatia moto majani ya mwembe wake kila Jumamosi, moshi ukawaingia majirani, na taka zake nyingine za jikoni zikapakiwa lori hadi jaa la Mwakirunge, kisha mwezi wa Aprili akanunua mbolea ya mfuko.

Ikiwa wasoma haya katika Desemba au Januari, anza sasa. Tua jembe lako. Litakufaa siku ya kuchimba muhogo. Ila kabla ya kutandaza chochote, zungushia mahali hapo ua imara wa miti au wavu, kwa maana mbuzi wazururao katika Mji wa Kale hupenda sana boksi, nao watakuwa wamekwisha kulila kabla hujarudi na ndoo ya maji.